Mwamba wa Mbaraki na Barafu ya Antaktika

Mnara wa Mbaraki, upande wa kusini-magharibi wa kisiwa cha Mombasa, unajulikana kwa ubani na marashi yanayopelekwa pale na wenye haja zao, na kwa msikiti wa kale ulio jirani yake. Hamo Sassoon, mwanaakiolojia aliyewahi kuwa msimamizi wa Fort Jesus, aliuchunguza msikiti huo pamoja na mnara na kuchapisha matokeo yake mwaka 1982. Tangu hapo wanaopenda historia wameuliza mnara ulijengwa lini, na nani, na kwa sababu gani. Ni nadra kusikia mtu akiuliza umri wa mawe yenyewe. Mnara huo wa takriban mita 8 umejengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa, na chokaa hiyo nayo ni matumbawe yaliyochomwa. Nyumba za Mji wa Kale ni hivyo hivyo, na Fort Jesus, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, imekaa juu ya jabali la matumbawe na handaki lake limechimbwa ndani ya jabali hilo. Sasa tumbawe ni mnyama wa baharini. Haliishi nje ya maji. Basi tunapoyaona matumbawe yaliyokufa yakiwa bado yamesimama pale pale yalipoota, mita kadhaa juu ya mahali maji ya bamvua yanapofika leo, tunalazimika kukiri kwamba bahari iliwahi kuwa juu kuliko ilivyo sasa. Na hakuna hazina ya maji duniani inayoweza kuipandisha bahari yote kiasi hicho ila barafu ya ncha za dunia.

Ninachodai ni kwamba kisiwa hiki ni shahidi wa mambo yaliyotokea Antaktika na Greenland, na ushahidi wake unastahili kusikilizwa na wanaopanga gati, visima, mitaro na makazi ya pwani yetu. Kwa kawaida anayetaka kujua habari za bahari ya Mombasa hutazama kipimo cha maji ambacho kumbukumbu zake zinaanzia mwaka 1986. Kipimo hicho ni cha thamani kubwa, maana vituo vyenye kumbukumbu ndefu ni vichache mno katika pwani ya Afrika Mashariki. Lakini miaka isiyofika 50 ni muda mfupi sana mbele ya barafu. Katika muda huo ngao kubwa za barafu ndiyo kwanza zimeanza kuitikia joto, na anayetaka kujua mwitikio huo unaweza kufika wapi hana budi kurudi nyuma, mahali ambapo hakuna kipimo wala maandishi, akayaulize mawe.

Kwanza ieleweke ni barafu ipi inayozungumzwa. Ile inayoelea juu ya bahari ya kaskazini, hata ikayeyuka yote, haipandishi maji kwa kiasi cha kutajika, kama vile kipande cha barafu kinachoelea kwenye gilasi kisivyoifurisha gilasi kinapoyeyuka. Inayohusika ni barafu iliyolala juu ya nchi kavu. Theluji huanguka mwaka baada ya mwaka mahali ambapo kiangazi hakina nguvu ya kuiyeyusha yote. Inajilundika, inajigandamiza kwa uzito wake na kugeuka barafu, hadi inafunika milima na mabonde ikawa ngao moja inayoteleza polepole kuelekea baharini. Leo zimebaki ngao mbili tu. Ya Greenland ina maji ya kutosha kuipandisha bahari ya dunia nzima kwa mita 7 hivi. Ya Antaktika, ambayo wastani wa unene wake unakaribia kilomita 2 na mahali pengine unapita kilomita 4, ina maji ya kuipandisha kwa takriban mita 58. Hakuna mtaalamu anayesema kwamba zote zitayeyuka karibuni. Nazitaja hesabu hizi ili msomaji aone kwamba sehemu ndogo tu ya barafu hiyo ikipungua, pwani zote hubadilika.

Historia ya ngao hizo inasomwa mahali pengi. Katika matope ya chini ya bahari kuu kuna magamba ya viumbe vidogo mno, na oksijeni iliyo ndani ya magamba hayo hueleza kiasi cha barafu kilichokuwapo duniani walipokuwa hai. Maji yenye oksijeni nyepesi huvukizwa kwa urahisi zaidi, huanguka kama theluji na kufungiwa ndani ya barafu, na bahari hubaki na ile nzito. Kwa hiyo barafu ikizidi, magamba nayo huwa na oksijeni nzito zaidi. Nicholas Shackleton wa Uingereza aliisoma hesabu hiyo kwa ustadi mkubwa, na mwaka 1976 yeye pamoja na James Hays na John Imbrie walionyesha kwamba vipindi vya barafu hufuata mabadiliko ya njia ya dunia kulizunguka jua na ya mwinamo wake, kama alivyokuwa amekokotoa Mserbia Milutin Milanković miongo kadhaa kabla. Barafu yenyewe pia inasomeka. Viputo vya hewa ya kale vimenaswa ndani yake, na wanaoitoboa huitoa kwa vipande virefu vya duara. Huko Vostok, Antaktika, walipata kumbukumbu ya zaidi ya miaka 400,000. Kule Dome C miaka 800,000. Na mwezi wa Januari 2025 kikosi cha nchi za Ulaya kilifikia mwamba kwenye kina cha mita 2,800, kikiwa na barafu yenye umri wa angalau miaka milioni 1.2. Katika miaka yote hiyo 800,000 iliyokwisha kupimwa, hewa ukaa ilipanda na kushuka kati ya sehemu 180 hivi na sehemu 300 katika kila sehemu milioni za hewa. Leo imepita 420.

Pamoja na utajiri wote huo, kuna jambo moja ambalo barafu haiwezi kulisimulia vizuri, nalo ni habari za barafu iliyotoweka. Kipande kilichotobolewa Antaktika kinashuhudia kwamba pale kilipotolewa barafu haikuyeyuka. Kuhusu pembe nyingine ya bara iliyopoteza barafu yake yote, hakina neno. Mara chache ardhi iliyo chini ya barafu husaidia. Mwaka 1966 Wamarekani waliotoboa Camp Century, kaskazini-magharibi mwa Greenland, hadi kina cha mita 1,387, walichukua pia udongo ulioganda chini yake, kisha udongo huo ukasahauliwa kwenye majokofu kwa miaka mingi. Ulipopatikana na kuchunguzwa ulikutwa una mabaki ya mimea, na mwaka 2023 watafiti waliripoti kwamba mahali pale hapakuwa na barafu miaka 400,000 hivi iliyopita. Hiyo ni bahati ya pekee. Kwa kawaida maji yaliyotoka kwenye barafu iliyotoweka huacha alama zake mbali sana na ncha za dunia, kwenye pwani za joto, na hapo ndipo mwamba wa Mombasa unapoingia katika habari hii.

Umbali huo wenyewe ni faida. Ngao ya barafu ni nzito kiasi cha kuikandamiza ardhi iliyo chini yake, na inapoyeyuka ardhi huinuka taratibu kwa maelfu ya miaka, kwa hiyo alama za bahari za Skandinavia au za Kanada zimechanganyika na kuinuka kwa nchi. Tena barafu nyingi kiasi hicho huyavuta maji ya bahari kuelekea kwake kwa nguvu za mvutano. Ikipungua, maji ya jirani hushuka huku ya mbali yakipanda kuliko wastani. Sisi tuko mbali na kaskazini na mbali na kusini. Pwani ya ikweta husajili mwendo wa barafu bila makelele mengi ya jirani, na hii ndiyo sababu watafiti wa Antaktika husafiri hadi visiwa vya joto kupima mawe. Mfano wa kupendeza umo katika historia ya pwani yetu wenyewe: Alistair Crame, ambaye mwaka 1980 alichapisha uchunguzi wa kina wa miamba ya kale ya matumbawe ya pwani ya Kenya, aina zake na jinsi zilivyofuatana, alifanya kazi yake kubwa katika taasisi ya Uingereza ya utafiti wa Antaktika. Kabla yake P. V. Caswell alikuwa ameichora ramani ya miamba ya Mombasa na Kwale katika ripoti ya serikali ya mwaka 1953, akatofautisha jabali la matumbawe na ule mchanga wa upande wa Kilindini uliotulia nyuma ya mwamba, kwenye maji ya utulivu. Colin Braithwaite naye alionyesha mwaka 1984 kwamba jabali hilo halikujengwa kwa mara moja: kuna tabaka za nyakati mbalimbali, na baina yake kuna dalili za nchi kavu na mmomonyoko, bahari ilipokuwa imeondoka.

Umri wa tumbawe hupatikana kwa njia ambayo mtu asiye mtaalamu anaweza kuifuata. Linapojenga mifupa yake, tumbawe hunyonya kiasi kidogo cha urani iliyoyeyuka katika maji ya bahari, lakini thori karibu halipati kabisa, kwa kuwa thori haiyeyuki majini. Kadiri miaka inavyopita, urani iliyofungwa ndani hugeuka thori kwa kasi inayojulikana. Ukipima uwiano wa hizo mbili, unapata umri, na njia hii hufaa kwa mawe ya hadi miaka laki kadhaa. Adui yake ni maji ya mvua. Yanapopenya kwenye jabali kwa makumi ya maelfu ya miaka huyayeyusha mawe na kuyaunda upya, na urani huingia na kutoka, hivyo saa hiyo huharibika. Ndiyo maana mtafiti anaweza kuvunja mawe mengi mjini Mombasa kabla ya kupata moja linaloaminika.

Ugumu mwingine uko kwenye kipimo cha urefu, na huu unafaa kuelezwa taratibu kwa sababu ndipo wengi wanapokosea. Tumbawe halioti kwenye usawa wa bahari. Huota chini yake, na karibu halipandi juu ya mahali maji yanapofika yakipwa sana. Kwa hiyo likipatikana tumbawe mita 5 juu ya usawa wa leo, haisemwi kwamba bahari ilikuwa mita 5 juu, bali kwamba haikuwa chini ya hapo. Pengine ilikuwa mita 6, pengine 10, kutegemea aina ya tumbawe na kina lilichopenda kukaa. Mombasa ina tatizo lake la ziada: wakati wa bamvua tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa hukaribia mita 4, kwa hiyo mpimaji asiyesema amepima kutoka usawa upi anaweza kukosea kwa urefu wa ghorofa nzima. Kazi hii iliwahi kufanywa kwa uangalifu mkubwa Shelisheli, kwa jirani zetu wa baharini. Huko matumbawe ya kale yameshika kwenye miamba migumu ya itale, na mwaka 2015 Andrea Dutton na wenzake walikadiria kwamba bahari katika kipindi cha joto kilichotangulia hiki chetu, kati ya miaka 129,000 na 116,000 iliyopita, ilifika mita 7.6 juu ya usawa wa leo, na kosa la takriban mita 1.7 juu au chini. Kwa dunia nzima, makadirio yanayotajwa zaidi ni mita 6 hadi 9. Urefu wa mnara wa Mbaraki umo katikati ya hesabu hizo.

Mtu makini atauliza kama si nchi iliyoinuka badala ya bahari kupanda. Ni swali la haki, na wanajiolojia wenyewe ndio wa kwanza kuliuliza. Pwani ya Kenya ina nyufa zake za kale, na haitakuwa kweli kusema kwamba haijasogea hata kidogo. Lakini nchi haziinuki kwa pamoja. Kama matumbawe ya Mombasa yangekuwa juu kwa sababu Mombasa imesukumwa kutoka chini, tusingetarajia kukuta matumbawe ya umri uleule, katika urefu unaokaribiana, Shelisheli, Australia ya Magharibi na Bahama, sehemu zisizo na uhusiano wowote wa ardhi. Mahali ambapo nchi imeinuka kweli, kama Barbados na rasi ya Huon kule Papua Guinea Mpya, matumbawe ya kipindi hicho yako makumi ya mita juu, kwa ngazi, na hakuna anayeyachanganya na haya. Kilichobaki kuamuliwa ni mita moja au mbili za huku na huku. Kwamba bahari ilikuwa juu, na kwa mita nyingi, hakuna tena ubishi wa maana.

Ushahidi wa upande wa pili unaitia nguvu hoja hii. Takriban miaka 21,000 iliyopita, ngao za barafu zilipofunika Kanada na kaskazini mwa Ulaya, bahari ilikuwa chini kwa mita 120 hadi 130. Mombasa wakati huo haikuwa kisiwa. Mito inayomwaga leo katika hori za Tudor na Port Reitz, kama Kombeni na Mwache, ilipita mabondeni hadi kwenye pwani iliyokuwa mbali kidogo zaidi mashariki, na mabonde hayo yaliyozama baadaye ndiyo yaliyotupa Kilindini na kina chake kinachopokea meli kubwa. Unguja nayo iliungana na bara, kwa sababu mkondo wake una kina cha makumi machache tu ya mita. Katika pango la Kuumbi karibu na Jambiani, Felix Chami na wenzake, na baada yao watafiti wengine, walichimba mifupa ya wanyama wa bara, miongoni mwao punda milia na nyati, wanyama ambao wasingevuka bahari kwa kuogelea. Pemba haikuungana, mkondo wake una mamia ya mita na haukukauka. Bahari inayoshuka mita 120 barafu ikizidi, na kupanda mita kadhaa barafu ikipungua kuliko leo, ni jambo moja lenye pande mbili, na pande zote mbili zinaonekana kati ya Mbaraki na Jambiani.

Sasa tufike kwenye jambo lenyewe. Katika kipindi kile cha joto cha miaka 125,000 hivi iliyopita, wastani wa joto la dunia ulizidi ule wa kabla ya enzi ya viwanda kwa nusu digrii hadi digrii moja na nusu tu, na hewa ukaa ilikuwa sehemu 280 hivi. Huo ndio uzito wa ushuhuda wa mwamba wetu: haikuhitajika dunia kuungua ili bahari ipande mita kadhaa. Wapo wanaojibu kwamba hilo linathibitisha kuwa hali ya hewa hubadilika yenyewe, kwani hapakuwa na magari wala viwanda. Ni kweli hapakuwapo, na sababu yake inajulikana: njia ya dunia ilikuwa imeyapa majira ya joto ya kaskazini jua kali kuliko la leo. Lakini tazama hoja hiyo inatufikisha wapi. Aliyethibitisha kwamba barafu huyeyuka kwa joto dogo la asili amethibitisha pia kwamba itayeyuka kwa joto dogo la hewa ukaa, kwa maana barafu haiulizi joto limetoka wapi. Muongo wa 2011 hadi 2020 ulizidi enzi ya kabla ya viwanda kwa digrii 1.1 hivi, na safari hii joto halitegemei mwinamo wa dunia utakaojirekebisha wenyewe. Tena jua kali la kaskazini peke yake haliwezi kueleza kila kitu. Uchunguzi wa barafu iliyotobolewa mahali paitwapo NEEM, huko Greenland, uliochapishwa mwaka 2013 ulionyesha kwamba Greenland ilitoa pengine mita 2 tu za maji. Mita nyingine nyingi zilitoka Antaktika, upande ambao jua lile halikuupendelea. Mwenye kudhani kwamba Antaktika ni imara kwa sababu iko mbali na ina baridi kali anapaswa kueleza mita hizo zilitoka wapi.

Upinzani ninaouheshimu zaidi ni ule wa wakati. Mita hizo hazikupanda kwa miaka mia. Zilichukua muda mrefu, na wajukuu wa wajukuu wetu watakuwa na nafasi ya kuhama. Kwa sehemu nakubali. Jopo la kimataifa la wanasayansi wa tabianchi, katika ripoti yake ya mwaka 2021, lilikadiria kwamba kufikia mwaka 2100 bahari itapanda kwa sentimita 28 hadi 55 hewa ukaa ikipunguzwa kwa haraka sana, na sentimita 63 hadi 101 ikiachwa izidi mno. Na halikuthubutu kukanusha kwamba inaweza kukaribia mita 2 endapo ngao za barafu zitavunjika kwa namna isiyoeleweka bado. Lakini polepole ya barafu si ya siku zote. Miaka 14,500 hivi iliyopita bahari ilipanda takriban mita 14 hadi 18 ndani ya karne chache, kama matumbawe ya Tahiti yanavyoonyesha. Wakati ule kulikuwa na barafu nyingi zaidi ya kuyeyusha, kwa hiyo sidai kwamba jambo hilo litajirudia kwa ukubwa ule. Nadai kwamba mstari mnyoofu, unaochukua milimita 3.7 za kila mwaka zilizopimwa duniani kati ya 2006 na 2018 na kuzizidisha kwa miaka iliyobaki, hauungwi mkono na historia ya barafu. Bahari za kale zilipanda kwa vipindi, kwa kukawia na kwa ghafla.

Kwa Mombasa, kusoma mwamba vizuri kunatufundisha pia tusitishike ovyo. Mwaka 2008 Cynthia Awuor, Victor Orindi na Andrew Adwera walichapisha makala juu ya mji huu yenye makadirio kwamba bahari ikipanda kwa mita 0.3, asilimia 17 ya eneo la Mombasa, yaani hekta 4,600 hivi, huenda ikazama. Hesabu hiyo imerudiwa mara nyingi mno, kwa kawaida bila mtu kuuliza ni ardhi ipi hiyo. Anayelitazama jabali la Mama Ngina anaona kisiwa kinachosimama mita nyingi juu ya maji. Na mahali ambapo maji hupanda na kushuka karibu mita 4, ardhi iliyo tambarare kiasi cha kufunikwa na sentimita 30 kwa kawaida tayari ni matope au mikoko. Nionavyo, hatari ya karne hii haiji kwanza kama kuzama. Inaanza visimani, kwa sababu maji matamu ya kisiwa yameelea juu ya maji ya chumvi ndani ya jabali lenye vitundu, na bahari ikipanda chumvi hupanda nayo. Inaingia kwenye mitaro, ambayo wakati wa mvua kubwa zikikutana na bamvua hukosa pa kumwagia. Inaonekana chini ya majabali, ambako mawimbi hutafuna shina la mwamba mpaka juu kukabaki kama paa lisilo na nguzo; Fort Jesus imelazimika kujengewa ukuta wa kuizuia bahari kwa sababu hiyo. Na mikoko ya hori za Tudor na Port Reitz itahitaji nafasi ya kurudi nyuma kuelekea nchi kavu, nafasi ambayo sasa tunaijengea nyumba.

Wengine watasema nchi yenye mahitaji mengi haina sababu ya kulipia utafiti wa bahari za zamani, kazi inayowafaa matajiri wenye meli za kuvunja barafu. Jibu langu ni kwamba sehemu yetu ya kazi hii haihitaji meli. Mawe yako hapa. Machimbo ya Bamburi, ambayo René Haller alianza kuyapanda mivinje mwaka 1971 hadi yakawa msitu, yamekata jabali hilo kwa kuta ndefu ambazo mwanafunzi anaweza kuzisoma kwa nyundo na daftari. Matumbawe hai nayo yametoa matunda. Tumbawe moja la Malindi lilitoa kumbukumbu ya joto la bahari tangu mwaka 1801 hadi 1994, utafiti uliochapishwa mwaka 2000 na Mkenya Nyawira Muthiga akiwa mmoja wa waandishi wake, na ukaonyesha jinsi bahari yetu inavyofuata mwendo wa Pasifiki ya mbali. Tumbawe jingine la huko, la umri wa miaka 300 hivi, lilihifadhi habari za udongo unaoletwa na mto Sabaki na jinsi ulivyozidi mwanzoni mwa karne ya 20, mashamba ya walowezi yalipofunguliwa bara. Habari ya namna hiyo inamfaa mvuvi, mkulima na mwenye hoteli. Linalonisikitisha ni kwamba sehemu kubwa ya uchunguzi wa mwamba wetu imefanywa na wageni, na matokeo yamebaki katika majarida ambayo mwalimu wa jiografia wa Likoni hawezi kuyapata.

Tuna Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya, ambayo makao yake yako hapa Mombasa. Tuna Chuo Kikuu cha Pwani Kilifi na Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa. Tuna Makavazi ya Taifa yanayoisimamia Fort Jesus, iliyoingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2011. Wangekubaliana, kila msingi wa jengo unaochimbwa kisiwani ungepigwa picha, kupimwa urefu wake kutoka usawa wa bahari na kuchukuliwa vipande kabla zege halijamwagwa, kwa gharama ndogo mbele ya gharama ya jengo. Swali la kuanzia lipo tayari. Watafiti bado hawajapatana kama bahari ya miaka 125,000 iliyopita ilipanda mara moja ikatulia, au ilipanda, ikasimama, ikashuka kidogo, kisha ikaruka tena sehemu ya Antaktika ilipovunjika. Kama iliruka, kuna tabaka la matumbawe yaliyozamishwa ghafla na juu yake mengine yaliyoanza upya, na anayejenga gati la miaka 100 Kilindini ana haja ya kujua miruko hiyo ilikuwa ya sentimita ngapi na ilichukua miaka mingapi. Tabaka hizo hutafutwa mahali ambapo nchi imetulia, mbali na ncha za dunia, kwenye jabali nene lililokatwa wima. Jabali la namna hiyo liko pwani kwetu, kuanzia handaki la Fort Jesus hadi kuta za Bamburi, na sehemu yake kubwa haijapimwa kwa vyombo vya leo.